Chungu Kimoja: Uhakiki wa Lugha ya Madodoso Yahusuyo Matunzo ya Wazee, kwa Mfano wa Ikombe

Makusudi ya makala haya ni kulitazama dodoso kama maandishi, na kulihakiki kama tunavyohakiki maandishi mengine. Tumezoea kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia, na kuliacha dodoso mikononi mwa wataalamu wa takwimu, kana kwamba maneno yake si maneno bali ni vipimo tu, kama ratili na pishi. Lakini dodoso ni maandishi ya Kiswahili yasomwayo kwa sauti mbele ya hadhira kubwa kuliko ya diwani yoyote. Kuanzia tarehe 23 Agosti 2022 nchi nzima ya Tanzania ilihesabiwa kwa maswali yaliyosomwa mlango kwa mlango, na hesabu ikatoka kuwa watu 61,741,120. Ni mshairi gani aliyepata wasikilizaji wa kadiri hiyo?

Tena maandishi haya yana nguvu ambayo shairi halina. Shairi likieleweka vibaya, hasara ni ya msomaji. Swali la dodoso likieleweka vibaya, hasara ni ya yule aliyejibu, naye hana habari. Katika mambo ya ustawi wa jamii, yaani matunzo ya wazee, yatima, wagonjwa na wenye ulemavu, jibu moja laweza kumwingiza mtu katika orodha ya wasaidiwa au kumwacha nje. Kwa hiyo neno likichaguliwa vibaya, haitoshi kusema kwamba lugha imeharibika. Pengine kuna mzee aliyelala njaa.

Mfano wangu ni Ikombe. Sikuuchagua kwa sababu ni mahali pa ajabu, bali kwa sababu ni mahali ambapo neno moja la takwimu linakutana uso kwa uso na kitu chenyewe.

Mahali na lugha zake

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, katika Wilaya ya Kyela, pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Milima yashuka karibu wima hata majini, ardhi ya tambarare ni haba, na kwa miaka mingi safari ya kwenda Matema imekuwa ya mtumbwi au ya miguu. Wamisionari wa Kijerumani wa chama cha Berlin walijenga kituo hapo katika miaka ya 1890. Lakini sifa ya Ikombe haikutokana na kituo hicho. Ilitokana na vyungu. Wanawake wa Kikisi huumba vyungu kwa mikono bila gurudumu, huving'arisha, huvichoma mahali pa wazi. Kisha hupakiwa mitumbwini na kupelekwa kuuzwa, hasa katika gulio la Lyulilo karibu na Matema. Wanaume huvua samaki.

Lugha za hapa ni tatu. Kwanza ni Kikisi, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la G60 pamoja na Kikinga, Kibena na Kihehe. Pili ni Kinyakyusa, lugha kubwa ya wilaya, ambacho yeye alikiweka mbali kabisa, katika kundi la M30. Tatu ni Kiswahili, lugha ya shule, ya ofisi na ya dodoso. Wasomaji wa jarida hili wataona mara moja shida iliyopo. Dodoso la utafiti wa ustawi mara nyingi hutungwa kwanza kwa Kiingereza, hutafsiriwa kwa Kiswahili mezani, kisha, mzee asipokifahamu Kiswahili vizuri, hutafsiriwa tena mlangoni na mdadisi au na mjukuu aliye karibu. Tafsiri ya kwanza huandikwa na kukaguliwa. Ya pili haiandikwi wala haikaguliwi, na ndiyo aliyoijibu mzee. Wataalamu hujitahidi kupima tafsiri kwa kuirudisha katika lugha ya asili ili waone kama maana imebaki. Njia hiyo ni njema, lakini yathibitisha jambo moja tu: kwamba wasomi wawili waliokaa mjini wameelewana.

Neno kaya

Tuanze na neno lililo mlango wa maneno mengine yote. Dodoso haliulizi habari za mtu kabla halijauliza habari za kaya. Asili ya neno hili twaijua: kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makao ya ukoo yaliyozungushiwa msitu, mahali pa wazee na pa matambiko. Lugha ya utawala imelichukua neno hilo la makao ya wengi, ikalipunguza hata likawa jina la watu wachache wa nyumba moja. Hilo si kosa. Maneno hupanuka na kupungua. Kosa laweza kuwa katika maelezo yaliyoambatana nalo. Kwa kawaida kaya huelezwa kuwa ni mtu mmoja, au kundi la watu waishio pamoja na kula pamoja. Au kwa usemi uliozoeleka, walao chungu kimoja.

Basi tuupeleke usemi huo Ikombe, nchi ya vyungu. Tumfikirie mama mfinyanzi, mjane, aliyepita miaka sabini. Hatumsemi mtu yeyote. Twaunda mfano kwa ajili ya hoja. Mwanawe mmoja ni mvuvi, naye amejenga hatua chache kutoka kwake. Binti ameolewa Matema, na siku ya gulio humpelekea mchele kwa mtumbwi. Mjukuu wa kiume hulala nyumbani mwa bibi ili asiwe peke yake usiku, lakini hula kwa mjomba. Jirani, mfinyanzi mwenzake, humchotea maji tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Mdadisi afika, auliza: katika kaya hii wako watu wangapi?

Akisema mmoja, takwimu zitamwonyesha kama mtu aliyetupwa, naye hakutupwa. Akisema wawili, kwa kumhesabu mjukuu, amehesabu mlaji asiyekula kwake. Akisema watano, kwa kujihesabu pamoja na wamtunzao, ameingizwa katika kaya ya mvuvi mwenye nyavu na mtumbwi, na huenda uhitaji wake ukafunikwa na mali ya mwanawe. Majibu yote matatu ni ya kweli, na kila moja linapotosha. Kasoro imo katika swali, kwa kuwa limefunga pamoja mambo matatu ambayo maisha yameyatenga: mtu alalapo, mtu alapo, na mtu anayeitwa usiku ugonjwa uzidipo.

Wahenga walilijua jambo hili kabla ya takwimu: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hiyo haitukuzi ukoo tu. Yatoa onyo kwamba kula pamoja si kipimo kamili cha kutunzana. Dodoso linasema kinyume chake, nalo halijui kwamba linabishana na methali.

Hili si jambo la maneno matupu. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza kuenezwa nchini mwaka 2012 na ukafikia zaidi ya kaya milioni 1. Uchaguzi wake ulipita hatua tatu: wanakijiji hutaja kaya wanazoziona kuwa na dhiki, dodoso hujazwa, na kanuni ya hesabu hukadiria hali ya kaya kwa sifa zake, kama vile idadi na umri wa watu, namna nyumba ilivyojengwa na mali iliyomo, kisha mkutano wa kijiji huithibitisha orodha. Mpango huu unastahili sifa kwa kuwa haukuiachia kanuni peke yake, ila uliwaweka watu mwanzoni na mwishoni. Lakini katikati yake limekaa neno kaya, na kila kitu hupita hapo.

Waliotangulia kuuliza

Hatukuwa wa kwanza kuulizana habari za matunzo katika nchi hii ya kaskazini ya ziwa. Godfrey Wilson alianza utafiti wake kwa Wanyakyusa mwaka 1934, na mkewe Monica akaungana naye mwaka 1935. Kazi yao iliendelea hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akatoa kitabu cha Good Company mwaka 1951, kisha vitabu viwili juu ya ibada, mwaka 1957 na 1959. Wakisi si Wanyakyusa, na haifai kuwachanganya. Lakini ni majirani wa gulio moja, na maelezo ya akina Wilson yatufaa kwa hoja yetu.

Wanatueleza kwamba wavulana wa Kinyakyusa, wapatapo umri wa miaka kumi hivi, walijitenga na wazazi wakajenga vibanda vyao, na rika hilo likakua hata likawa kijiji. Hata hivyo hawakujipikia. Walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima likizunguka toka jiko moja hata jingine, na walilima mashamba ya baba zao. Msomaji aisome habari hiyo akiwa na dodoso mkononi. Kijana amelala kijiji hiki, amekula kijiji kile kwa mama asiyemzaa, na jembe lake limelima shamba la baba. Chungu kimoja ni kipi hapo? Ni kweli kwamba utaratibu huo wa vijiji vya rika haupo tena kama ulivyoelezwa, na wataalamu waliofuata, kama Charsley mwaka 1969 na McKenny mwaka 1973, waliyahoji baadhi ya maelezo ya akina Wilson. Lakini jambo moja limebaki: chakula cha nchi hii kimezoea kutembea, na anayekifunga ndani ya nyumba moja amekipoteza.

Sifa ya akina Wilson ni kwamba waliyaacha baadhi ya maneno ya wenyeji katika lugha yao. Neno ukwangala, lenye maana ya kufurahia kukaa na wenzi wema, halikupata neno moja la Kizungu la kulijaza. Ndipo likatoa jina la kitabu. Embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu, ni nguvu ya manung'uniko ya majirani, iliyoaminiwa kumletea ugonjwa mtu aliyekiuka wajibu wake, pamoja na wajibu kwa wazazi. Kwa lugha ya leo tungesema hii ni kanuni ya ustawi wa jamii, na ukaguzi wake ulifanywa na majirani. Sisemi turudi huko. Imani ya namna hiyo ilikuwa na vitisho vyake, na pengine ilimwangukia asiye na hatia. Nasema tu kwamba mtafiti aliyelisikia neno hilo aliisikia kanuni nzima ya matunzo, na aliyelitafsiri upesi angebaki na ushirikina.

Kasoro yao nayo isemwe. Jina la kitabu na mpango wake vyatuvuta tutazame urafiki wa wanaume wa rika moja. Nasi twahitaji kujikumbusha wenyewe kwamba urafiki huo ulilishwa na majiko ya wanawake. Tena kazi ya maneno haikufanywa na Wazungu wawili peke yao. Karani wao Leonard Mwaisumo alikusanya, akaandika na kufasiri. Lakini dunia ya wasomi ilichelewa kumpa heshima yake, hata kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013 kilipomtengea sura. Mdadisi wa leo asimamaye mlangoni pa mzee ni mrithi wa Mwaisumo. Naye jina lake halitajwi, na tafsiri zake hazihifadhiwi.

Swali likibadilika, hesabu hubadilika

Pengine msomaji ataona kwamba natia chumvi, na kwamba neno moja haliwezi kugeuza hesabu ya taifa. Atazame habari za ulemavu. Sensa ya mwaka 2002 ilipata kwamba watu wenye ulemavu walikuwa takriban 2 katika kila 100. Mwaka 2008 ulifanywa uchunguzi maalumu wa kitaifa, ukapata 7.8 katika kila 100 kwa watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Je, katika miaka sita nchi ilipatwa na balaa? La hasha. Makundi ya umri yaliyohesabiwa hayakuwa sawa, hilo tulikubali. Lakini sababu kubwa ni swali. Uchunguzi wa 2008 ulifuata njia ya kundi la wataalamu wa kimataifa lililoundwa mwaka 2001 na kuitwa kwa jina la mji wa Washington. Njia hiyo hailitaji neno ulemavu. Huuliza kama mtu ana ugumu katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Naye hujibu kwa ngazi: hana ugumu, ana ugumu kiasi, ana ugumu mkubwa, au hawezi kabisa.

Hapa lugha imewafundisha wanatakwimu. Neno ulemavu humtaka mtu ajipe jina, na jina lenyewe lina uzito. Mama mfinyanzi wetu, aliyeshindwa na magoti, akiulizwa kama ni mlemavu atasema hapana, ni uzee tu. Akiulizwa kama ana ugumu wa kutembea, ataeleza toka asubuhi hata jioni. Wala mabadiliko haya hayakuhitaji chombo kipya. Yalihitaji mtu aketi na kufikiri jinsi mwenziwe atakavyosikia. Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko wote uliofanywa katika takwimu za ustawi wa jamii, nao ni uvumbuzi wa lugha.

Yako maneno mengine yanayongoja kutendewa vivyo hivyo. Neno mtegemezi humwita hivyo kila aliyevuka umri fulani, hata bibi anayelea wajukuu yatima kwa bei ya vyungu vyake. Nani hapo amtegemeaye mwenziwe? Swali la shughuli kuu humtaka mtu ataje kazi moja, na mwanamke alimaye mihogo kidogo, afinyangaye na kuuguza, huenda akaandikwa mkulima, ufinyanzi wake ukapotea na kuuguza kwake kusiwe kazi kabisa. Neno shauri limechukuliwa kueleza habari za mtoto au mzee anayeshughulikiwa na afisa ustawi wa jamii. Lakini masikioni mwa wazee wengi shauri ni jambo la baraza na hukumu, na mtu aambiwaye ana shauri ofisini kwanza hujiuliza amemkosea nani. Na neno maskini likisomwa mbele ya mkutano wa kijiji humpa mtu fedha kwa mkono mmoja na kumpokonya heshima kwa mkono wa pili. Wako watakaochagua heshima, nao hawataonekana katika takwimu zozote.

Hata neno ushiriki si salama. Rebecca Marsland, aliyefanya utafiti wake Kyela, aliandika mwaka 2006 kwamba wafadhili wa kigeni na watumishi wa serikali walilitumia wazo hilo moja kwa maana mbili: wale walikusudia watu kushiriki katika kuamua, na hawa, kwa mazoea ya siasa ya kujitegemea, walikusudia watu kuchangia nguvu na mali. Pande zote zilikubaliana kwa neno, zikatofautiana kwa tendo. Mwanaisimu hahitaji mfano bora kuliko huo.

Uvumbuzi ni nini?

Siku hizi kila mpango wa ustawi hudai uvumbuzi, na uvumbuzi huo mara nyingi huwa ni chombo. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Nafurahi kwamba chombo hicho kilipata jina zuri la Kiswahili. Ni ushahidi kwamba lugha yetu haishindwi na mambo mapya. Na kazi yake ni njema: huzuia makosa ya kunakili na huharakisha hesabu. Lakini kishikwambi hakisikii. Likiwekwa ndani yake swali bovu, kitalifikisha upesi zaidi kwa watu wengi zaidi.

Uvumbuzi mwingine ni wa subira. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Munich, waliwafuatilia wakazi wa sehemu ya Kyela kati ya 2006 na 2011, na mwaka 2016 walitangaza kwamba watu wenye minyoo ya matende waliambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nayo. Ugunduzi huo usingepatikana kwa kuuliza siku moja na kuondoka. Ulipatikana kwa kuwarudia watu wale wale mwaka baada ya mwaka. Kutazama ni nani amwoshaye mgonjwa wa matende mguu kila siku hakukuwa shabaha ya uchunguzi ule, wala siulaumu. Nauliza tu: je, subira iliyotumiwa kwa damu haiwezi kutumiwa kwa matunzo?

Kwamba utafiti waweza kuubadili ustawi wa jamii, twao ushahidi. Mwaka 2010 TASAF ilianza kujaribu malipo kwa kaya zenye watoto na wazee katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Nusu yake vilichaguliwa kwa kura kupokea kwanza, ili tofauti ionekane, na mpango wa nchi nzima ukafuata. Kule Muleba, Kagera, pensheni ndogo ya shirika la Kwa Wazee kwa mabibi walezi wa yatima ilichunguzwa, na ripoti ikatolewa mwaka 2008. Zanzibar ilifika mbali zaidi: mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Sh. 20,000 kwa mwezi. Mhakiki wa lugha alitazame jambo hili la mwisho kwa makini. Pensheni ya Zanzibar haikuuliza kaya, wala umaskini, wala utegemezi. Iliuliza umri na ukaazi. Swali la umri nalo lina taabu zake kwa mtu aliyezaliwa bila cheti, lakini halimtaki ajipe jina la aibu wala agawe watoto wake katika vyungu. Kadiri swali lilivyo fupi, ndivyo watu wachache wanavyodondoka njiani.

Pingamizi

Yako mapingamizi mawili ya haki. La kwanza ni kwamba takwimu hazina budi kulinganishika. Kama Ikombe itaulizwa kwa namna yake, Bukoba kwa namna yake na Pemba kwa namna yake, hatutaweza kujumlisha. Hili ni kweli. Kwa sababu hiyo siombi kwamba swali la kaya liondolewe. Naomba lisimame na wenziwe wawili au watatu: usiku uliopita ulilala na nani? chakula cha jana kilitoka jiko la nani? ukiugua usiku utamwita nani kwanza? Maswali haya ni mafupi, yana Kiswahili cha kawaida, na yaweza kujumlishwa toka ziwani hata pwani. Tena yatatuonyesha jambo ambalo neno kaya linalificha, yaani njia ambazo matunzo hupita baina ya nyumba na nyumba.

Pingamizi la pili ni gharama. Kila swali ni dakika, na kila dakika ni fedha. Nalikubali, lakini hesabu ifanywe pande zote mbili. Fedha iliyokwenda kwa asiyehitaji, na taabu ya aliyehitaji akakosa, nazo ni gharama, ingawa haziandikwi katika bajeti ya uchunguzi.

Yafaayo kutendwa

Nafunga kwa mambo manne ambayo taasisi za lugha zaweza kuyafanya bila kungoja mtu.

Kwanza, madodoso ya ustawi wa jamii yapelekwe kwa wanaisimu kabla ya kwenda vijijini, si kwa kusahihishwa sarufi tu, bali kwa kuhakikiwa maana. Pili, kwa wilaya zenye lugha kama Kikisi, iandaliwe faharasa fupi ya maneno ya matunzo: kulea, kutunza, kuuguza, kuangalia, kukaa na mtu, na mengineyo, ili tafsiri ya mlangoni isiachwe gizani. Kazi hiyo itafaa takwimu, na itaifaa pia lugha ndogo ambayo watoto wake wanakwenda shule kwa Kiswahili. Tatu, mdadisi aandike neno alilolitumia pale alipolazimika kufasiri, na jina lake liandikwe katika ripoti kama jina la mtafiti. Nne, matokeo yarudishwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa mtu haki juu ya habari zake. Lakini haki hiyo ni ganda tupu kwa mzee aliyetoa habari zake kwa Kikisi, zikaandikwa kwa Kiswahili, zikachapishwa kwa Kiingereza. Yasomwe matokeo kijijini, kwa lugha inayosikika, na watu wapewe nafasi ya kusema: hapa mmekosea.

Nimesema mengi juu ya chungu. Mfinyanzi akimaliza chungu hakiamini kwa kukitazama tu. Hukigonga kwa kidole akasikiliza mlio, maana chenye ufa husema. Madodoso yetu yamepimwa mara nyingi kwa macho. Wakati umefika wa kuyagonga na kusikiliza. Na wenye masikio yaliyofunzwa kwa kazi hiyo ni sisi tunaojiita watu wa lugha.